Sanamu ya Askari na Wapagazi wa Nyanda za Juu Kusini

Sanamu ya Askari iliyoko katikati ya Dar es Salaam, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Mtaa wa Maktaba, inajulikana na wengi. Wachache huuliza kwa nini juu ya jiwe lile amesimama mtu mwenye bunduki na siyo mtu mwenye mzigo. Swali hili latuhusu hasa sisi wa Iringa na Mbeya, kwa maana vita inayokumbukwa pale ilipita katika mashamba yetu.

Tuanze na kazi yenyewe. Ilizinduliwa mwaka 1927, na msanii wake ni Mwingereza James Alexander Stevenson (1881–1937), aliyetia sahihi kwa jina la "Myrander". Ni shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ikayeyushwa na kumiminwa katika kalibu kwenye karakana ya Morris huko Westminster, London. Kabla ya kuletwa huku ilionyeshwa Royal Academy, ikasifiwa. Kwa hiyo watazamaji wa kwanza wa Askari wetu walikuwa watu wa London. Hatusemi kwamba msanii hakuwa hodari. Mtu yule amekaa tayari, singe imeelekea bandarini, na miaka karibu mia moja ya jua na chumvi haijamwondolea nguvu. Lakini uhodari wa mkono ni jambo moja, na shabaha ya aliyeagiza kazi ni jambo jingine.

Shabaha ilikuwa kuwashukuru Waafrika walioitumikia Uingereza katika vita ya 1914–1918. Huku kwetu vita hiyo iliingia kutoka Nyasa. Majeshi ya Jenerali Northey yaliteka Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, mwezi Mei 1916. Yakapanda hadi Njombe, na tarehe 29 Agosti yakaingia Iringa. Mwaka 1918 Lettow-Vorbeck naye alipita tena Njombe akielekea Rhodesia ya Kaskazini, akasalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba. Katika milima hii hapakuwa na reli, na mbung'o wa mabondeni waliua wanyama wa kubebea mizigo. Kila risasi na kila kibaba cha unga kilikwenda kichwani mwa mtu. Wakulima walikamatwa kwa nguvu, pande zote mbili. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa na kwa baridi, mara nyingi bila kumwona adui.

Huo ndio msingi halisi wa vita ile: jasho la mpagazi. Lakini katika Sanamu ya Askari mpagazi anatajwa katika maandishi ya chini, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, na mwenye bunduki ndiye aliyepandishwa juu. Nairobi, ambako Stevenson huyo huyo alitengeneza sanamu tatu zinazosimama pamoja, mpagazi alipewa mwili wa shaba. Dar es Salaam aliachiwa jina la soko tu: Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Maandishi yale yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa. Jiwe lenyewe halina hata jina moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iringa mjini yapo makaburi ya vita hiyo, yametunzwa vizuri, mawe yamepangwa mistari. Wapagazi waliofia njiani kati ya Tukuyu na Iringa hawana mstari.

Wajerumani waliwahi kufanya vibaya zaidi. Sanamu ya Wissmann waliyoisimamisha Dar es Salaam mwaka 1909 ilimweka gavana juu na askari Mwafrika chini, akimfunika simba kwa bendera ya Ujerumani. Baada ya vita ilipelekwa Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1967 na tena 1968. Kulinganisha na hiyo, Stevenson alipiga hatua: Mwafrika yu juu, peke yake. Ila yu juu kama mtumishi wa dola ya kigeni, na wenzake wazaliwa wa nchi hii hii waliopigana upande wa Wajerumani hawahesabiwi.

Na Mkwawa? Huyo aliyevunja kikosi cha Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akapigana hadi 1898, Kalenga haikungoja shaba ya mtu. Fuvu lililorudishwa mwaka 1954 ndilo lililowekwa mbele ya watazamaji. Nairobi, tangu mwaka 2007, Dedan Kimathi amesimama katika shaba iliyofinyangwa na Kevin Oduor, Mkenya: bunduki tena, lakini safari hii inamwelekea mkoloni. Mpagazi wa Rungwe, wa Njombe na wa Uhehe bado hajapata Oduor wake, na kabla hajafinyangwa itabidi aulizwe ukoo kwa ukoo aliitwa nani.