Walimu waliofunga kamusi

Katikati ya karne ya 19, mwalimu wa Kilatini kutoka Ufaransa, François Gouin, alihamia Hamburg kujifunza Kijerumani. Alitumia njia aliyoizoea darasani kwake. Alijifungia chumbani na kitabu cha sarufi, na kwa siku kumi akawa amekikariri chote, pamoja na jedwali la vitenzi 248 visivyofuata kanuni. Akaenda chuoni kusikiliza mhadhara. Hakuambulia hata neno moja. Akarudi kukariri mizizi ya maneno, akajaribu kuwatafsiri waandishi Goethe na Schiller, na hatimaye akaimeza kamusi, maneno 30,000 kwa siku 30. Macho yakamuuma, na Kijerumani bado hakikumwingia. Muda wote huo alikuwa mjini, Wajerumani wamemzunguka. Alipojaribu kupiga soga katika duka la kinyozi walimcheka, akakimbilia tena vitabuni.

Aliporudi kwao alimkuta mpwa wake wa miaka mitatu, ambaye alipoondoka hakuwa akijua kuongea, sasa hanyamazi. Siku moja mtoto huyo alipelekwa kuona kinu cha kusaga nafaka. Akazunguka huku na huku akiuliza hiki nini, kile nini. Nyumbani alikaa kimya kwanza, kama anayepanga mambo kichwani, kisha akaanza kumsimulia kila aliyemwona. Baadaye akawa na kinu chake cha kuchezea, akawa anakiendesha na kutamka kila anachofanya: anajaza, anamimina, anasaga. Gouin alimtazama akaona kosa lake lilipokuwa. Mtoto hakuwa akikusanya maneno. Alikuwa akipanga matendo kwa mfuatano wake, na kila tendo lilikuja na sentensi yake.

Kitabu alichotoa mwaka 1880 kinatokana na hapo. Alichukua jambo dogo kabisa, kufungua mlango kwa mfano, akalikata vipande: kuuendea, kuufikia, kusimama, kunyoosha mkono, kushika kitasa, kukizungusha, kuvuta. Mwalimu hutenda na kusema, wanafunzi wakisikiliza. Kisha nao wanasema. Hakuna haja ya kamusi, kwa sababu maana iko mbele ya macho.

Wakati huo shule za Ulaya zilifundisha Kifaransa na Kiingereza kama zilivyofundisha Kilatini, lugha isiyokuwa na mtu wa kuongea naye sokoni. Mwanafunzi alipewa kanuni, orodha ya msamiati, na sentensi za kutafsiri zisizohusiana. Mwaka 1882 Mjerumani Wilhelm Viëtor alitoa kijitabu kikali, akificha jina lake halisi, akidai ufundishaji wa lugha ugeuke. Miaka minne baadaye, mjini Paris, Paul Passy na walimu wenzake waliunda chama ambacho ndicho kilichozaa alfabeti ya kimataifa ya matamshi. Sauti ilitangulizwa mbele ya herufi, na wataalamu wakawa na chombo cha kuiandika.

Lakini aliyeipeleka mitaani njia hii ya kufundisha bila kutafsiri alikuwa mfanyabiashara. Maximilian Berlitz, mzaliwa wa Württemberg, alifungua shule ya lugha Providence, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, mwaka 1878. Simulizi ya kampuni yenyewe inasema alimwajiri Mfaransa, Nicholas Joly, kwa barua ya Kifaransa kizuri, na alipofika ikagundulika kwamba hajui Kiingereza. Berlitz alikuwa mgonjwa, hana la kufanya. Akamwambia aonyeshe vitu kwa kidole na aigize vitenzi. Wiki kadhaa baadaye alirudi akakuta wanafunzi wanaulizana na kujibizana kwa Kifaransa. Kufikia 1914 shule za Berlitz zilikuwa takriban 200. Mwandishi James Joyce alipata riziki yake kwa kufundisha Kiingereza katika shule hizo, Pola mwaka 1904 na Trieste mwaka uliofuata.

Somo lenyewe lilikwenda hivi. Tuchukue kwamba anayefundishwa Kiswahili ni Mjerumani. Mwalimu ananyanyua kitabu: “Hiki ni kitabu.” Ananyanyua kalamu: “Hii ni kalamu.” Anarudia kitabu, anauliza: “Hii ni kalamu?” Anajijibu kwa kutikisa kichwa: “Hapana, hii si kalamu. Hiki ni kitabu.” Kisha anamgeukia mwanafunzi. Ngeli hazijatajwa, ila sikio limeshaanza kunasa kwamba kitabu hutembea na “hiki”. Kesho yake vinakuja vitabu, rangi, ukubwa, juu na chini ya meza. Sarufi inaingia kwa mifano, na maelezo, kama yapo, yanakuja mwisho.

Ufaransa iliiamuru njia hii katika shule zake za sekondari mwaka 1902, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Berlitz alikuwa na watu wazima wachache waliolipa ada, na walimu waliozaliwa na lugha wanayofundisha. Serikali ilikuwa na madarasa makubwa, vipindi vichache, na walimu waliojifunza lugha vitabuni. Kilichokuwa rahisi kusambaza ni katazo: usitafsiri. Mwalimu mzawa wa lugha, madarasa madogo na muda havisambazwi kwa waraka. Mwaka 1925 maelekezo ya serikali yalilegeza kamba. Hata penye mwalimu mzuri, katazo lilikuwa na gharama yake. Mwanasaikolojia wa Harvard, Roger Brown, aliandika mwaka 1973 jinsi alivyomtazama mwalimu wa Kijapani akihangaika kueleza maneno ambayo tafsiri ingeyamaliza mara moja. Mtaalamu wa matamshi wa Uingereza, Henry Sweet, alikwishaonya mwaka 1899 kwamba mtu mzima si mtoto mchanga, na tayari ana lugha kichwani.

Naamini hapa ndipo penye kiini cha historia hii. Katazo si moyo wa njia hii. Moyo wake ni muda ambao sikio na kinywa vinapewa. Afrika Mashariki tunajua katazo bila muda huo linafikia wapi. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza, katika kitabu chake cha 1986, watoto wa Kenya ya kikoloni walivyochapwa na kuvishwa kibao kwa kukutwa wakisema Kikuyu. Hilo halikutoka kwa Gouin wala Berlitz, na ni dhuluma kulichanganya na kazi yao. Lugha ya mtoto ilifukuzwa, na hakuna kilichotendwa mbele ya macho yake kuziba nafasi hiyo.

Jeshi la Marekani, katika Vita vya Pili vya Dunia, lilitoa muda. Wanafunzi wake mwaka 1943 walisoma hadi saa kumi kwa siku, siku sita kwa juma, katika makundi madogo, wakiwa na wazawa wa lugha. Matokeo yaliwavutia wengi, na baada ya Wasovieti kurusha Sputnik mwaka 1957 fedha za serikali zilimwagika katika maabara za lugha. Shule zikachukua mashine na mazoezi ya kukariri, zikaacha yale masaa. Wanafunzi walichoka kurudia sentensi wasizokuwa na haja nazo.

Kiswahili nacho kilipitia mlango huo. Mwaka 1963 taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani ilitoa kozi ya Kiswahili iliyoandaliwa na Earl Stevick pamoja na J. G. Mlela na F. N. Njenga, iliyojaa mazoezi ya kusikia na kurudia. Stevick hakutosheka na kurudia peke yake. Muda si mrefu alipendekeza kila somo fupi liwe na sehemu mbili. Kwanza darasa linaiga: “Unatoka wapi? Natoka Mwanza.” Kisha, dakika chache tu baadaye, zoezi linawekwa kando, na wanafunzi wanaulizana wanakotoka kweli, kila mmoja akisubiri jibu asilolijua.