Joka katika Tunda: Historia ya Jina Moja

Tunduma, mkoani Songwe, ni mji ambamo bidhaa na maneno huvuka mpaka kwa pamoja. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo kuelekea Zambia, na vivyo hivyo reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Katika soko la mpakani jina la tunda geni si suala la kamusi peke yake. Mchuuzi hana budi kulitaja, na mnunuzi kulielewa.

Tunda liitwalo, kwa tafsiri sisisi ya Kiingereza, "tunda la joka" ni la mmea wa jamii moja na mpungate, na asili yake ni Amerika ya Kati. Wahispania walilijua kwa jina la pitahaya, neno walilolipata kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi. Joka lilikuja baadaye, Asia. Wafaransa walipoupeleka mmea huo Vietnam katika karne ya 19, tunda likapewa jina thanh long, yaani joka la kijani, kwa sababu ya magamba ya ganda lake. Joka la huko huleta mvua na baraka.

Joka la Kiswahili ni kiumbe kingine kabisa. Neno lenyewe ni ukubwa wa nyoka, lenye mzizi -oka, ambao wenziwe wamo katika lugha nyingi za Kibantu. Kibemba cha Zambia, kwa mfano, kina insoka. Nao wafasiri wa Biblia walilitumia joka kumtaja adui katika Kitabu cha Ufunuo. Tafsiri sisisi, basi, imehamisha maneno na kuiacha baraka nyuma.

Kiswahili kimewahi kupokea matunda kwa njia nyepesi zaidi. Nanasi na papai ni majina ya Amerika yaliyopitia kwa Wareno. Pera, kwa Wareno, lilikuwa tunda jingine. Na stafeli ni sitaphal ya Wahindi, ambayo kwao ni tunda la jamaa yake tu. (Usahihi wa kibotania haujapata kumsumbua mnunuzi.)

Kwa mizani hiyo, pitaya lingefaa zaidi: silabi zake ni wazi, nalo lingeingia pasipo taabu katika ngeli ya papai, pitaya kwa mapitaya, na mmea wake ukawa mpitaya.