Mugeni ni nani? Sababu gani wagonjwa wanapita kando ya hopitali

Tarehe 14 Julai 2019 habari ilienea katika muji wa Goma kama ugonjwa wa Ebola umeingia. Mugonjwa wa kwanza alikuwa muchungaji mumoja, naye alitoka Butembo kwa basi. Wizara ya Afya ilieleza kwamba kule Butembo alihubiri katika makanisa saba, na desturi yake ilikuwa kuwawekea wagonjwa mikono. Alipopatwa na homa hakujipeleka pahali palipotayarishwa kwa wagonjwa wa namna hiyo. Alitunzwa nyumbani na mufirmye mumoja, kisha akashika njia. Katika vizuizi vitatu ambapo wasafiri walipimwa homa, majina aliyoandikisha hayakuwa sawa. Huko Goma waliomupokea katika kituo cha afya walitambua ugonjwa upesi, lakini alikufa walipokuwa wakimurudisha Butembo.

Wapenzi ndugu, wengi walipoyasikia hayo walicheka, wengine wakakasirika. Sisi hatuwezi kumucheka. Mutu huyu alikuwa mutumishi wa Neno la Mungu kama sisi, alizoea kusimama kando ya vitanda vya wagonjwa, tena aliujua ugonjwa huo kwa macho, kwa maana Butembo ilikuwa na karibu mwaka muzima katika mateso hayo. Basi, sababu gani mutu wa namna hiyo anatafuta musaada nyumbani, kwa siri, na kuficha jina lake?

Jibu linalotolewa mara nyingi, hata katika mazungumzo yetu mapadri baada ya chakula, ni moja tu: ujinga. Hatulikubali. Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wakubwa 961 wa Beni na Butembo juu ya Ebola. Mutu mumoja katika wane alijibu kama ugonjwa huo hauko. Lakini katika maulizo hayohayo, wale waliosema wanawatumainia wakubwa wa pahali pao hawakufika hata theluthi moja. Tunafikiri jibu la pili ndilo linaloeleza la kwanza. Na kutotumaini huko hakukuzaliwa mwaka 2018. Kuna historia yake.

Katika inchi yetu munganga wa kizungu hakuja peke yake. Alikuja pamoja na askari, na kodi, na kitabu cha kuhesabu watu. Ugonjwa wa malale ulipoenea wakati wa Leopold II na baada yake, wakubwa walipanga watu kwa mustari katika vijiji, wakawapapasa shingo kutafuta vivimbe. Aliyeonekana na ugonjwa alipelekwa katika lazareti, mbali na jamaa zake, na wengi hawakurudi. Mutu hakuruhusiwa kutembea toka eneo moja mpaka lingine bila karatasi ya munganga. Dawa yenyewe, iliyoitwa atoksili, iliwapofusha wengine macho. Katika bonde la Semliki, upande huu wetu wa Kivu, watu walihamishwa toka mashamba ya babu zao kwa sababu ya ugonjwa huo. Hatusemi kama kazi hiyo yote ilikuwa mbaya. Malale ilipungua sana, na masista na mabruda wengi walitoa maisha yao katika dispanseri za misioni. Tunasema neno hili tu: mababu zetu walijifunza kwamba kumuonyesha munganga ugonjwa wako ni kujitia katika mikono ya Bula Matari.

Tukumbuke pia kwamba siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hakuna hata Mukongo mumoja aliyekuwa amemaliza masomo ya udaktari katika chuo kikuu cha inchi yetu. Walikuwako wasaidizi wa wanganga, watu wenye akili na uzoefu mwingi, lakini jina la daktari lilikuwa la Muzungu. Majuma machache baadaye madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka. Watu waliobaki na wagonjwa ni wafirmye, na mpaka leo katika vijiji vyetu neno «munganga» linamaanisha mufirmye, daktari, mutu wa mizizi, hata kijana anayeuza vidonge sokoni. Waseminari wanapenda kulisahihisha neno hilo. Afazali kwanza walisikilize.

Goma ilipata mafundisho mengine. Mwezi wa Julai 1994 mamia elfu ya wakimbizi toka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache, na kolera pamoja na magonjwa mengine ya kuhara yakaua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Hapo madaktari wa dunia nzima walifika kwa ndege. Walifanya kazi kubwa, hatusahau. Lakini mwenye nyumba aliona magari yanapita mbele ya mulango wake kwenda kambini, kisha akaona yanaondoka. Na huko Beni, tangu Oktoba 2014 watu waliuawa usiku kwa mapanga mwaka baada ya mwaka. Walilia, wakazika, wakalia tena. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, magari na feza zikafika kwa wingi. Mama mumoja wa Beni hakuhitaji masomo makubwa kuuliza: tulipochinjwa mulikuwa wapi? Mwisho wa mwezi wa Desemba, uchaguzi ulipoahirishwa katika Beni na Butembo kwa kutaja Ebola na usalama, watu wengi waliona wamepata jibu. Ndipo likazaliwa neno «biashara ya Ebola». Wagonjwa walichukuliwa na watu waliofunikwa toka kichwa mpaka miguu, mara nyingine askari wakiwa karibu, na maiti ilizikwa na mikono ya wageni. Lazareti ilirudi katika ukumbusho, hata kwa wale wasiolijua jina lake.

Matokeo yake tunayajua. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, mutu wa Kameruni, aliuawa katika hopitali ya chuo kikuu huko Butembo. Alikuwa Mwafrika kama wale waliomuua, naye alikuja kuwasaidia. Tuwaombee wote wawili, aliyekufa na aliyeua.

Sasa tuangalie ule upande mwingine: yule anayeulizwa shauri badala ya munganga. Mara nyingi mugonjwa hamujui. Ni muuzaji wa farmasi ndogo kando ya barabara, ni mutu anayepanda basi na kusifu chupa ya dawa mbele ya wasafiri, ni sauti isiyo na jina inayopita toka simu mpaka simu. Kwa vipimo vyetu huyo ndiye mugeni. Lakini huyo hadai karatasi, haandiki jina, hafungi mulango wa kutokea. Anauza vidonge viwili kama una feza ya viwili tu. Mwenye aibu anamuambia aibu yake, kwa maana hatamuona tena. Zaidi ya yote, anajibu. Hopitalini mugonjwa anangoja toka asubuhi, anaonwa dakika chache, anapewa karatasi ya Kifaransa. Tulimujua mama wa parokia mumoja aliyezaa salama, kisha akazuiliwa hopitalini majuma matatu kwa sababu ya deni. Mara ya pili alizaa kwa jirani. Nani atamuhukumu?

Injili yenyewe haiufichi uchungu huo. Mwinjili Marko anapomueleza yule mwanamuke mwenye kutoka damu, hawaachi wanganga: aliteswa nao wengi, akamaliza mali yake, akazidi kuumwa. Luka, ambaye mapokeo yanamuita daktari, anasimulia habari ileile kwa upole zaidi juu ya wanganga. Mwalimu wetu wa Maandiko alipenda kutuonyesha jambo hilo na kutabasamu. Na tuangalie: mwanamuke huyo naye alikuja kwa nyuma, katikati ya watu wengi, asitake kuulizwa jina.

Haya yote si kusema kwamba mushauri wa njiani hana hatari. Anaua. Mwisho wa mwaka 2018 kule Beni malaria ilikuwa kali, na watoto wengi walipelekwa katika vituo vidogo vinavyochanganya dawa za kizungu na za kienyeji. Waliingia na malaria, wakatoka na Ebola, kwa ajili ya sindano na vitanda visivyosafishwa. Hata katika Tanzania, mwaka 2011, watu maelfu na maelfu walisafiri mpaka kijiji cha Samunge huko Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha Ambilikile Mwasapila, muchungaji mustaafu wa Kilutheri. Kikombe kilikuwa shilingi 500, sawa kwa tajiri na maskini. Musururu wa magari ulikuwa wa kilometa nyingi; wagonjwa wengine walitolewa vitandani hopitalini, na wengine walikufa wakingoja zamu. Wenye Ukimwi walioacha vidonge vyao kwa ajili ya kikombe walilipa kwa bei kubwa kuliko shilingi 500. Na sisi Wakatoliki tusijione safi: kuna vikundi vya maombi katika parokia zetu ambamo mutu anaambiwa kwamba kumeza dawa ni kupungukiwa imani, na padri anayajua, ananyamaza.

Ebola ile ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Wakati uleule surua, isiyokuwa na magari mengi, iliua watu zaidi ya 6,000 katika inchi nzima, sehemu kubwa watoto. Wanaouliza sababu gani mioyo ya watu ilikuwa migumu wasisahau kuzisoma hesabu hizo mbili pamoja.

Lakini kuna jambo lililobadilika katikati ya mateso hayo. Katika Beni shirika moja la wanganga lilileta vyumba vyenye kuta za plastiki safi, ambamo mugonjwa anaonekana toka inje. Na wale waliopona waliajiriwa kuwatunza watoto, kwa sababu wao hawakuogopa tena kuwabeba. Jamaa waliofika na hasira waliwakuta watu wa kwao, wakasalimiwa kwa Kinande, wakauliza maneno yao yote kwao kabla ya kumuuliza daktari. Kisha walipelekwa mpaka kwenye ukuta ule, wakasimama, wakaita jina la mugonjwa, naye akageuza kichwa.