Mji mkuu katika mwambao wa Ziwa Tanganyika
Mji mkuu ni mji uliowekwa kwa sheria au desturi kuwa makao ya serikali ya nchi, na wala wingi wa watu au ukubwa wa soko peke yake hauupi mji hadhi hiyo. Ujiji, ulikoishia njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo, ulivuma kuliko miji mingi ya bara katika karne ya 19, lakini haukupata kuwa mji mkuu wa nchi. Hata makao ya mkoa yako Kigoma, penye ghuba yenye kina, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914. Bujumbura, iliyoanza mwaka 1897 kama boma la Wajerumani, yaani kituo cha kijeshi, ilikuwa mji mkuu wa Burundi tangu uhuru wa 1962, hadi hadhi hiyo ilipohamishiwa Gitega mwaka 2019, ingawa biashara ilibaki ziwani. Tanzania nayo iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, ila sheria ya kuitangaza makao makuu ilipitishwa, kwa kuchelewa kusiko kwa kawaida, mwaka 2018.