Uwanja wa Vikorokoro

Tarehe za miji huandikwa aghalabu kwa majina ya waliojenga makasri na ngome, na ni nadra kumkuta mwanahistoria aliyejishughulisha kuuliza watoto wa mji ule walikuwa wakichezea wapi, na kwa idhini ya nani. Copenhagen, makao makuu ya Denmark, ni mji unaostahili kuandikiwa habari ya namna hiyo, kwani huko aliishi Carl Theodor Sørensen, msanifu wa bustani aliyezaliwa mwaka 1893, ambaye baada ya kusanifu bustani na viwanja vya kila namna alimaizi jambo ambalo wenziwe walilipuuza: ya kwamba watoto wakiachiwa hiari yao huipa kisogo bustani iliyofyekwa na kupambwa, wakaenda zao kwenye majengo yasiyokwisha, palipotupwa mbao, matofali na kamba, wakashinda huko kutwa nzima wasikumbuke njaa. Katika kitabu chake kuhusu bustani za miji na vijiji, kilichotoka mwaka 1931, alitoa shauri kwamba watoto wa mjini watengewe kiwanja chenye vikorokoro vya aina hiyo, wajenge na kubomoa wapendavyo. Msomaji wa pwani hatastaajabu, maana nani asiyemjua mtoto wa kwetu aundaye gari kwa kopo na magurudumu ya ndara kuukuu? Lakini ni jambo jingine mtu mzima, mwenye cheo na elimu, kukiri kwamba mtoto amemshinda kwa hoja bila ya kutamka neno.

Shauri lile lilikaa miaka 12. Lilikuja kutimizwa tarehe 15 Agosti 1943, katika kitongoji cha Emdrup, kwenye mtaa mpya wa nyumba za ushirika wa wafanyakazi, nayo nchi imekwisha kukaliwa na majeshi ya Ujerumani tangu Aprili 1940. Wakati haukuwa wa michezo hata kidogo: majuma mawili baadaye serikali ya Denmark ilijiuzulu na Wajerumani wakatangaza amri ya kijeshi. Huenda shida hiyohiyo ndiyo iliyofungua mlango, kwa maana katika mji uliotekwa utukutu wa watoto si jambo dogo tena. Kitendo ambacho jana kilimpatia mtoto kofi la baba yake, leo chaweza kuhesabiwa kuwa hujuma. Wakazi walikuwa na haja ya mahali ambapo wana wao wangepiga kelele na kuvunja vitu bila ya kuwaletea balaa, na uwanja wenyewe ukazungushiwa boma la udongo lenye ua juu yake, hata mpita njia asione mengi ya ndani.

Kiongozi wa kwanza aliyewekwa hapo alikuwa John Bertelsen, baharia wa zamani aliyesomea ualimu wa watoto wadogo, na kwa rai yangu yeye ndiye mwenye fadhila kubwa zaidi katika habari hii, japokuwa wengi humsifu Sørensen peke yake. Alisema wazi kwamba hawezi, wala hataki, kuwafundisha watoto kitu. Kazi yake ni kuwasaidia katika yale waliyoyaanza wenyewe. Ni rahisi kulitaja neno hilo na ni taabu kulitenda. Mtoto amesimamisha boriti nne, anapigilia ubao wa dari kwa misumari iliyopinda, na mtu mzima aliye karibu aona dhahiri kwamba kiambaza kitaanguka upande. Ulimi unamwasha, mkono unataka kuinyakua nyundo. Adabu ya kazi ile ilikuwa kuuzuia mkono huo, kuchunga tu kwamba hapana atakayeumia vibaya, na kungoja mpaka mtoto mwenyewe aje kuuliza. Na wakija hujibiwa walichouliza, si zaidi. Hivyo yakachimbwa mashimo na mapango, vikajengwa vibanda, vikabomolewa, vikajengwa tena, na Sørensen alipoutazama uwanja huo miaka ya baadaye akanena kwamba katika yote aliyoyasanifu huo ndio uliokuwa na sura mbaya kupita mengine, na ndio aliouona bora.

Mwaka 1946 alipita hapo bibi mmoja wa Kiingereza, Lady Allen wa Hurtwood. Huyu hakuwa mgeni katika masuala ya watoto: Julai 1944 alikuwa ameandika barua katika gazeti la The Times kulalamikia hali ya watoto waliolelewa katika makao ya mayatima na mfano wake, na kelele zilizofuata zilileta tume ya uchunguzi, kisha Sheria ya Watoto ya mwaka 1948. Aliporudi London, mji uliojaa viwanja vitupu vilivyochimbwa na mabomu, aliuliza hadharani kwa nini visitumiwe kama Emdrup. Uwanja wa Camberwell ulifunguliwa mwaka 1948, palipokuwa na kanisa lililobomolewa na vita. Wa Lollard, huko Lambeth, ulifuata mwaka 1955 mahali pa shule iliyolipuliwa, ukafungwa mwaka 1960 ardhi ilipotakiwa tena. Majirani walichukizwa na moshi na sura ya vibanda; wenye ardhi waliitoa kwa muda tu. Fauka ya hayo, fedha ya kumlipa kiongozi ilikuwa adimu, na mahali palipokosa kiongozi aliye imara vikorokoro vilirudia kuwa takataka.

Bibi huyo hakukoma. Mwaka 1970, akiwa amepita umri wa miaka 70, alifanikiwa kufungua huko Chelsea uwanja wa namna hiyo kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, watu ambao dunia ilizoea kuwalinda hata na tope. Humo walipewa maji, mchanga, vilima vya kupandia na moto wa kupikia, na watu wazima wenye subira wa kukaa nao.