Ukomo wa Kodi na Safari za Mpangaji: Kutoka Chang'ombe hadi Magomeni Kota

Historia ya upangaji katika jiji la Dar es Salaam imeandikwa zaidi kwa upande wa nyumba kuliko kwa upande wa wanaolala ndani yake, na Chang'ombe, eneo la Temeke lililo karibu na viwanda vya Barabara ya Nyerere, ni mahali panapofaa kuanzia kuisoma upya. Mpango mkuu wa mji ulioandaliwa mwaka 1949 na kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb uliyagawa makazi kwa msongamano, yaani kwa ukubwa wa viwanja na wingi wa watu, lakini kwa vitendo mgawanyo huo ulifuata rangi: Oyster Bay iliachiwa Wazungu, Upanga na Chang'ombe zikatengewa hasa Waasia wa kipato cha kati, na Waafrika wakapangiwa viwanja vidogo vya Ilala, Magomeni, Kinondoni na Temeke. Kwa kuwa viwanda viliwekwa kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wakati huo iliitwa Barabara ya Pugu, Chang'ombe ilijikuta na nyumba za matofali za wafanyabiashara upande mmoja na, upande wa Keko, vyumba vya vibarua waliokwenda kazini kwa miguu.

Katika mitaa ya vibarua, kilichopangishwa kilikuwa chumba, si nyumba. Nyumba ya Kiswahili, yaani ile yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na uani nyuma penye choo na mahali pa kupikia, ilimwezesha mwenyewe kukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, hivi kwamba paa moja lilihifadhi mmiliki mmoja pamoja na kaya nne au tano zisizo na karatasi yoyote mkononi. J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeuchunguza mji huo mwaka 1956 na ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1963, aliwaeleza wapangaji hao kwa umakini ambao watunga sheria hawakuwa nao. Jambo hilo la kupangisha chumba badala ya nyumba halina budi kukumbukwa kila sheria inapotajwa, kwa maana sheria nyingi za makazi ziliandikwa na watu waliofikiria nyumba nzima yenye mlango mmoja na familia moja.

Ukomo wa kodi, maana yake kiwango ambacho mwenye nyumba haruhusiwi kukivuka, uliingia Tanganyika kwa dharura ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati vifaa vya ujenzi vilipoadimika huku watu wakizidi kumiminika mjini. Serikali hiyo hiyo iliyozuia kodi isipande ilitunga, mwaka 1944, sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi, ambao wengi wao walikuwa watu wasio na ajira ya kudumu, na hivyo mkono mmoja ukampunguzia mpangaji kodi na mwingine ukamrudisha kijijini kwao. Baada ya uhuru Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ilitungwa upya mwaka 1962, kisha ikaandikwa tena mwaka 1984 kwa kuanzishwa Mabaraza ya Nyumba ya Mikoa, vyombo vyenye mamlaka ya kupanga kodi ya kiwango, kusikiliza migogoro na kuzuia mpangaji asitolewe bila amri.

Sheria hizo zilikuwa na nia njema, lakini bei za vitu zilipopanda kwa kasi katika miaka ya 1970 na 1980 kodi ya kiwango iliachwa nyuma, na tofauti kati ya kodi ya karatasini na kodi ya kweli ikatafutiwa njia ya uchochoroni. Hapo ndipo kilemba kilipostawi, yaani fedha ambayo mpangaji mpya humpa mwenye nyumba, au humpa mpangaji anayeondoka, ili apewe ufunguo, na mwenye uwezo wa kukilipa hakuwa yule kibarua ambaye sheria ilikusudia kumlinda.

Kwa upande wa nyumba za umma, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1962, na kazi yake ya kwanza iliyoonekana kwa macho ilikuwa kubomoa vibanda katika maeneo kama Magomeni na Keko na kujenga nyumba bora mahali pake. Mpango huo ulikuwa na kasoro ambayo wataalamu waliitambua mapema: sehemu kubwa ya nyumba mpya ilichukua tu nafasi ya zile zilizobomolewa, na kwa kuwa aliyetambuliwa alikuwa mwenye kibanda, waliopanga vyumba kwake walilazimika kujitafutia pengine, na pengine penyewe palikuwa makazi yasiyopimwa yaliyozidi kutanuka pembezoni mwa mji. Tarehe 22 Aprili 1971 ilikuja hatua kubwa zaidi, pale nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 zilipotaifishwa na kukabidhiwa Msajili wa Majumba, ambaye baadaye, kwa sheria ya mwaka 1990, aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Nyumba zilizozidi umri wa miaka kumi hazikulipiwa fidia, na wamiliki wengi walioguswa walikuwa Waasia. Mpangaji wa jengo lililotaifishwa alipata mwenye nyumba mpya ambaye hakuwa na haraka ya kupandisha kodi wala, ni lazima isemwe, haraka ya kuziba paa.

Bomoabomoa ya vibanda iliachwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na nafasi yake ikachukuliwa na mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1974, ambao ulipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kupeleka barabara na maji Manzese, Mtoni na Tandika bila kuwahamisha wenye nyumba. Hiyo ilikuwa sera ya busara kuliko ile iliyotangulia, ingawa bomba na taa za barabarani huongeza pia thamani ya chumba, na nyongeza hiyo hulipwa na anayekikodi. Msukumo wa kuwaondoa maskini mjini haukufa pamoja na ukoloni, kwani mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwakamata wasio na kazi inayotambulika na kuwapeleka mashambani.

Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa kabisa, na bei ya chumba ikaachiwa mapatano ya pande mbili zisizo na nguvu sawa. Desturi iliyozoeleka ni kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, ilhali kibarua hulipwa kwa siku, na dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Maana yake ni kwamba chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi kinahitaji shilingi 420,000 siku ya kuingia. Anayeshindwa hupelekwa na hesabu hiyo hadi Mbagala, Chamazi au Chanika, ambako kodi ni nafuu na nauli ni kubwa, na kuhama kwake hakuandikwi popote kwa sababu hakuna aliyemfukuza.

Uingereza ilichagua njia nyingine, ya kumlipia mwenye kipato kidogo sehemu ya pango lake kutoka hazina ya umma, kisha ikauwekea ukomo msaada huo badala ya kuiwekea kodi yenyewe. Aprili 2011 ruzuku ya nyumba kwa wapangaji wa watu binafsi iliwekewa kikomo cha pauni 400 kwa wiki kwa nyumba kubwa ya vyumba vinne, na mwaka 2013 jumla ya misaada yote kwa familia ikafungwa kwenye pauni 500 kwa wiki, kiwango ambacho mwaka 2016 kilishushwa hadi pauni 23,000 kwa mwaka ndani ya London na 20,000 nje yake. Ukomo huo wa ruzuku nao ulizaa safari zake: mwaka 2012 halmashauri ya Newham, mashariki mwa London, iliomba nafasi za wapangaji wake Stoke-on-Trent, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Tanzania haijapata kuwa na ruzuku ya pango kwa raia wa kawaida. Kinachoikaribia, na ambacho kinaonekana Chang'ombe kila mwanzo wa muhula, ni fedha za chakula na malazi zinazotolewa na Bodi ya Mikopo kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE) na wenzao, zilizopandishwa kuwa shilingi 10,000 kwa siku, na hizo nazo ni mkopo.

Ukomo wa Kitanzania umejificha kwenye fidia. Kanuni za mwaka 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinamlipa anayetwaliwa ardhi thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi sawa na kodi ya miezi 36, na posho ya usafiri inayohesabiwa kwa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Hesabu hizo ni za mmiliki. Kaya nne zilizopanga vyumba katika nyumba yake, iwe Kurasini palipohitajika kwa upanuzi wa bandari au kwingineko, hazina ardhi ya kuthaminiwa, na kwa hiyo posho inayoitwa ya makazi huenda kwa kaya moja kati ya tano zinazopoteza makazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 viwanja vya Mabwepande vilivyotolewa kwa waathirika wa bonde la Msimbazi viliwalenga wenye nyumba vilevile, na madai ya wapangaji yakawa ubishi.

Mfano wa kinyume upo Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilizoishi katika nyumba kongwe za umma ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ahadi ya kurejeshwa, zikasubiri kwa karibu muongo mmoja, na zikapewa kipaumbele katika maghorofa yaliyozinduliwa Machi 2022 na Rais Samia Suluhu Hassan, baada ya Rais John Magufuli kuahidi mwaka 2016 kwamba zingekaa humo miaka mitano bila kulipa kodi. Mabishano ya bei ya kuzinunua nyumba hizo yalifuata, nayo hayakuwa madogo. Hata hivyo watu hao, ambao kisheria walikuwa wapangaji tu, waliweza kudai kwa sababu orodha ya majina yao iliandikwa kabla ya tingatinga kufika. Kanuni za fidia hutungwa na waziri wa ardhi, naye anaweza kuzirekebisha bila kungoja sheria mpya ya Bunge; fomu ya uthamini inayoandika mmiliki, jengo na idadi ya minazi iongezwe sehemu ya kuandika kila anayelipa kodi chini ya paa hilo, na posho ya makazi igawanywe kwa orodha hiyo.