LLC: Dhima Yenye Kikomo, Si Dhima Ndogo

Mkenya anayefanya kazi ya uuguzi Dallas na kupangisha nyumba yake ya pili atazisikia herufi LLC (limited liability company) mapema: kwa wakala, kwa mhasibu, kwa jamaa kanisani. Akitafuta Kiswahili chake anaweza kupewa "kampuni ya dhima ndogo". Tafsiri hiyo inapotosha. Dhima ya kampuni si ndogo hata kidogo: ikishindwa kesi, hudaiwa mpaka senti ya mwisho ya mali yake. Kilichowekewa mpaka ni dhima ya wanachama, yaani wenye kampuni. Anayeidai kampuni hachukui akiba yao, magari yao wala nyumba zao nyingine. Ndiyo maana nashikilia "kampuni ya dhima yenye kikomo". Neno kikomo humfanya mtu aulize kiko wapi, na kinamkinga nani.

Wala tusiichanganye na "limited" ya Nairobi au Dar es Salaam, ambayo ina hisa na hulipa kodi yake yenyewe. LLC ni zao la sheria za majimbo ya Marekani. Wyoming ndiyo iliyotangulia, mwaka 1977, kwa msukumo wa kampuni ya mafuta ya Hamilton Brothers. Kwa miaka kadhaa majimbo mengine yalisitasita kwa kuwa haikujulikana itatozwaje kodi, hadi mwaka 1988 mamlaka ya kodi ilipokubali kuihesabu kama ubia. Leo, LLC ya mtu mmoja kwa kawaida haitazamwi kabisa katika kodi ya mapato: mapato ya pango huandikwa kwenye ritani ya mwenyewe, vilevile kama asingekuwa na kampuni. Anayeifungua akitarajia kupunguziwa kodi amekosea mlango.

Basi ifunguliwe lini? Tuseme mpangaji ameanguka kwenye ngazi mbovu, mahakama ikaamuru alipwe dola 600,000, na bima ikatoa 300,000. Zimebaki 300,000. Kama nyumba ni ya kampuni, mdai ataishika nyumba hiyo na fedha zilizo kwenye akaunti ya kampuni, na hapo ndipo penye kikomo. Kama nyumba ni ya muuguzi mwenyewe, mdai ataendelea hadi kwenye akiba yake na nyumba nyingine yoyote ya kupangisha. Kwa maoni yangu, wakati wa LLC ni pale mali ya mtu iliyo nje ya nyumba hiyo inapozidi kile ambacho bima inaweza kubeba, na iwe kabla ya ajali. Mali iliyohamishwa baada ya ajali ili kumkwepa mdai, mahakama inaweza kuirudisha.

Mwenye nyumba moja na akiba ndogo hana haja ya kukimbilia huko. Texas tayari huikinga nyumba ambamo mtu anaishi dhidi ya wadai wengi, na mshahara haukatwi kwa madeni ya kawaida. Huyo namshauri aongeze bima kwanza, ikiwemo ile ya ziada inayoanzia dola milioni 1. Gharama za LLC nazo hutofautiana sana: Texas hutoza dola 300 kusajili, ilhali California hudai angalau dola 800 kila mwaka hata kama pango halikuleta faida.

Kikomo chenyewe kina matundu, na haya ndiyo ninayotaka kila mwenye nyumba ayajue. Ukiirekebisha ngazi kwa mikono yako ukaiharibu, utashtakiwa wewe kwa uzembe wako. Ukisaini dhamana binafsi, ambayo benki huidai sana inapoikopesha kampuni changa, deni hilo ni lako pia. Na ukilipia karo ya mtoto kutoka akaunti ya kampuni, unampa wakili wa mdai hoja kwamba kampuni na wewe ni kitu kimoja.

Gumu zaidi ni nyumba iliyokwisha kununuliwa kwa mkopo wa jina lako. Mikataba mingi huiruhusu benki kudai deni lote mara umiliki unapohama. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1982 inakinga baadhi ya uhamisho, kama ule wa kwenda kwa amana (trust) ambayo mkopaji anabaki mnufaika wake, lakini LLC haimo. Mikopo iliyonunuliwa na Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, kuanzia Juni 1, 2016 ina nafuu, mradi mkopaji ndiye anayeidhibiti kampuni. Kwa hiyo muuguzi wetu aulize kwanza ni nani anayeumiliki mkopo wake, apate ridhaa kwa maandishi, ndipo asaini hati mpya. Siku hiyohiyo bima ya nyumba iandikwe jina la kampuni, maana kampuni ya bima inaweza kukataa kumlipa mtu ambaye hati haimtambui tena kuwa mwenye nyumba.